Filamu ya Krismasi ya kutazama na familia nzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa miaka 6: mnashauri ipi?

MamaWawili ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri mapema, kabla mkesha wa Krismasi haujafika, kwa sababu mwaka jana nilichagua filamu peke yangu na mambo yakaniharibikia. Niliichagua kwa kutazama picha ya jalada tu: nyumba yenye taa, theluji, na watu wanaocheka. Nusu saa haikuisha, binti yangu wa miaka 6 alikuwa amekwisha kulala, mguu wake ukiwa mapajani mwangu, mwanangu wa miaka 15 na binamu yake wa miaka 17 walikuwa wameinamia simu zao, na mama mkwe, ambaye ndiye niliyetaka hasa afurahi, akawa ananiuliza kila baada ya dakika tano, "Huyu ndiye yule wa mwanzo, au ni mwingine?" Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa wahusika wote walikuwa wamevaa sweta nyekundu na hata mimi nilikuwa nimeanza kuwachanganya. Mwishowe mume wangu alichukua rimoti bila kusema neno, akaweka marudio ya mpira, na hakuna aliyepinga.

Mama mkwe ana miaka 74, anajua Kiswahili tu, na macho yake hayawezi tena kufuata maandishi madogo yanayopita chini ya skrini. Binti yangu anaogopa kitu chochote chenye meno. Vijana nao wanaona haya kuonekana wakipenda kile ambacho wazazi wao wanakipenda. Kwa hiyo naomba msinipe orodha ndefu ya majina. Nitajieni filamu moja au mbili ambazo ninyi wenyewe mmezitazama zaidi ya mara moja pamoja na watu wa rika mbalimbali, mniambie nani alicheka wapi, nani alichoka wapi, na kama kuna sehemu ambayo mzazi anapaswa kuijua mapema.

MpendaSinema amejibu:

Dada, kwa hali uliyoieleza mimi ningeanza na Home Alone, iliyoongozwa na Chris Columbus na kutolewa mwaka 1990. Najua wengi watasema kwamba imetazamwa mno, lakini nyumbani kwetu tumeitazama miaka sita mfululizo na sababu ni rahisi: theluthi yake ya mwisho haihitaji tafsiri. Mtoto wa miaka minane amesahaulika nyumbani wakati familia yake imepanda ndege kwenda Paris, wezi wawili wanataka kuingia, naye ametega mitego kila mahali. Kuna mwizi ambaye lami imemvua viatu na soksi kwenye ngazi, kisha anaingia dirishani miguu mitupu na kukanyaga mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi yaliyotandazwa sakafuni. Shangazi yangu, ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, huanza kushika nyayo zake mwenyewe kabla mguu wa mwizi haujagusa chini.

Watoto huiona hadithi ya mtoto, watu wazima wakaiona ya mama. Yuko uwanja wa ndege, anavua hereni zake ili abadilishane na kiti cha abiria mwingine, na hatimaye anasafiri usiku kucha ndani ya gari la kukodi pamoja na bendi ya wanamuziki asiowafahamu, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumfikia mwanawe. Nilipokuwa mdogo niliziona sehemu hizo kuwa za kupoteza muda. Sasa nikiwa mzazi, hizo ndizo ninazozisubiri.

Yapo mambo mawili ya kuyajua. Jirani mzee mwenye koleo la theluji anatisha mwanzoni, na binti yako anaweza kujificha. Usimfunulie siri yake, kwa maana mazungumzo ya mzee huyo na mtoto kanisani ni mazuri zaidi kwa mtu aliyekuwa akimwogopa. La pili, mitego ile katika maisha halisi ingeua mtu. Mwanangu alimaliza filamu akaenda moja kwa moja kutafuta pasi ya nguo aifanye mtego, nami nikalazimika kuifungia kabatini hadi mwaka mpya.

MwalimuWaMsingi amejibu:

Naafikiana na MpendaSinema kwa sehemu, ila naona tunamsahau mtoto wa miaka 6. Filamu hiyo ina dakika 103, na mwanzo wake ni kelele za familia kubwa inayogombana ikifunga mizigo, jambo ambalo mtoto mdogo halifuati kwa urahisi. Mimi ningeanza jioni na filamu fupi, aitazame akiwa bado macho, kisha akilala alale kwa amani.

Iko filamu ya katuni ya Uingereza iitwayo The Snowman, ya mwaka 1982, iliyotokana na kitabu cha picha cha Raymond Briggs. Ina dakika 26 tu, na wahusika wake hawasemi neno. Kuna muziki na wimbo mmoja, ule unaoimbwa wakati mtoto na sanamu yake ya theluji wanaruka angani usiku. Kwa familia yako, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwa dakika hizo 26 mama mkwe na mjukuu wake wanakuwa sawa na kila mtu aliyemo chumbani: hakuna anayejua zaidi, hakuna wa kumtafsiria mwenzake. Nakuonya tu kwamba asubuhi sanamu inayeyuka. Mtoto anatoka nje na kukuta kofia, skafu na rundo dogo la theluji. Wangu alilia. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, lakini bibi yake alimvuta karibu na kumwambia, "Ndiyo, ameondoka," wakakaa kimya wote wawili, nami nikaona maelezo yangu hayahitajiki.

Nyingine fupi ni A Charlie Brown Christmas, ya mwaka 1965, ambayo nayo haifiki nusu saa. Ina maneno mengi, lakini ina sehemu moja ambayo bibi ataijua bila kuelezwa: mtoto Linus anasimama peke yake jukwaani na kukariri Injili ya Luka, sura ya pili, habari ya wachungaji kondeni. Linus hatengani kamwe na blanketi lake. Mtazame anapofika pale malaika anaposema "Msiogope": analiachia blanketi lianguke. Hakuna anayelitaja jambo hilo, na nilitazama mara tatu kabla sijaliona. Sisi huisimamisha filamu hapo, mama yangu akayasema maneno hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa anayajua kwa moyo, kisha tunaendelea.

BabuMstaafu amejibu:

Mwanangu, hayo yote ni mazuri, lakini hakuna aliyetaja filamu ambayo mimi naiona kuwa baba wa zote, It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. Naitaja nikijua kabisa kwamba haimfai binti yako mdogo. Itazameni watu wazima na vijana baada ya yeye kulala.

Ni hadithi ya George Bailey, mtu aliyetaka kusafiri dunia nzima lakini kila alipofunga mizigo likatokea jambo la kumrudisha: baba kufariki, ndugu kuoa, benki kuyumba. Anabaki katika mji ule ule mdogo akiendesha chama cha kukopesha watu wa kawaida fedha za kujengea nyumba. Siku ya mkesha wa Krismasi mjomba wake anapoteza dola 8,000 za chama hicho, na George anafika darajani akitaka kujitupa mtoni. Ndipo anatumwa malaika asiye na mabawa bado, mzee mmoja mpole, ambaye anamwonyesha mji huo ungekuwaje kama yeye George asingezaliwa.

Filamu hiyo haikufanya vizuri ilipotoka, na gharama zake hazikurudi upesi. Iliokolewa na uzembe: mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikagundua kwamba vinaweza kuionyesha bila kulipa, vikawa vinaionyesha kila Desemba mara nyingi kwa siku, na watu waliokuwa hawajawahi kuisikia wakaishi nayo hadi wakaipenda. Hata theluji yake ina habari yake. Zamani watengenezaji wa filamu walikuwa wakitumia nafaka za kifungua kinywa zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilipokanyagwa zililia kiasi kwamba sauti za waigizaji zililazimika kurekodiwa upya. Watu wa Capra walichanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, wakapata theluji iliyo kimya. Walipiga picha hizo wakati wa joto kali la kiangazi, kwa hiyo ukimwona James Stewart, anayeigiza George, anatokwa jasho darajani, usidhani ni uigizaji mtupu.

Ninachowaomba mkitazame kwa makini ni kirungu cha mbao kilicho mwisho wa reli ya ngazi nyumbani kwa George. Kimelegea. Kila anapopanda ngazi kinabaki mkononi mwake, na usiku ule wa matatizo karibu akitupe kwa hasira, kwa kuwa kinamkumbusha nyumba mbovu, mshahara mdogo na maisha ambayo hakuyachagua. Anaporudi nyumbani mwishoni, kirungu kile kile kinatoka tena mkononi mwake, naye anakibusu. Nyumba haijakarabatiwa hata kidogo.

Mimi niliitazama kwa mara ya kwanza nikiwa kijana nikaiacha katikati, nikisema ni ya wazee. Nikaitazama tena nikiwa baba wa watoto watatu na deni lisilolipika, na pale anapowafokea watoto wake, huku binti yake akirudia wimbo ule ule kwenye piano, nilishindwa kukaa kitini. Mwanangu wa kiume aliniuliza kama nimeshikwa na mafua. Kwa vijana wako, jambo la kujitoa uhai lipo waziwazi, kwa hiyo msiwaache watazame peke yao kisha kila mtu akaenda kulala. Ina zaidi ya saa mbili, na ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Yapo matoleo yaliyotiwa rangi baadaye, yaacheni.

KijanaMtulivu amejibu:

Kwa heshima zote, nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Die Hard ya mwaka 1988. Matukio yake yote yanatokea mkesha wa Krismasi, mume anasafiri ili apatane na mkewe, kuna mti uliopambwa na kuna kofia ya Baba Krismasi. Ni kweli kwamba ilitolewa mwezi Julai na kwamba watu wengi wanapigwa risasi, lakini mambo hayo mawili hayabadilishi tarehe iliyomo ndani ya hadithi.

MamaWawili amejibu:

KijanaMtulivu, mwanangu wa miaka 15 amenitolea hoja hiyo hiyo kwa maneno karibu hayo hayo, na sasa nina wasiwasi kwamba ni wewe. Jibu langu ni lile lile: si mbele ya bibi.

Babu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako ya kirungu cha ngazi mara mbili, nikamsomea na mume wangu, ambaye hakujibu kitu ila aliniuliza filamu hiyo inapatikana wapi.

Mwanakwaya amejibu:

Nimefuatilia majibu yote, nami naona tumezungumzia theluji na wezi zaidi ya aliyezaliwa. Kwa familia yenye bibi, filamu ya kuzaliwa kwa Yesu ina faida ambayo nyingine hazina: bibi tayari anaijua hadithi. Sisi tulitazama The Nativity Story, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Catherine Hardwicke, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa katika mji wa Matera nchini Italia, wenye nyumba zilizochongwa kwenye mwamba, na ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vatikani. Kwa kawaida nyanya yangu ndiye anayeuliza maswali. Siku hiyo mambo yaligeuka: vijana ndio waliokuwa wakimuuliza yeye, "Huyu ni nani?" naye akijibu, "Huyo ni Elisabeti, msubirini, naye atapata mtoto." Sijawahi kumwona amekaa kochini akiwa amenyooka vile.

Maria ameonyeshwa kama msichana mdogo wa kijijini anayeogopa watu watasema nini, na Yusufu kama fundi mwenye aibu anayegawa chakula chake na kumpa punda, na hilo liliwagusa vijana kuliko mahubiri. Lakini mzazi ajue kwamba inaanza na askari wa Herode wakivamia Bethlehemu, na kwamba uchungu wa kuzaa unaonekana. Kwa mtoto wa miaka 6 ningechukua The Star, katuni ya mwaka 2017, ambayo inasimulia habari hiyo hiyo kwa macho ya punda. Watu wa kanisani kwetu waligawanyika kuhusu wanyama wanaotania safarini. Mimi sikuona ubaya.

FundiWaPicha amejibu:

Ndugu muulizaji, mimi kazi yangu ni michoro, kwa hiyo utanisamehe nikielemea upande mmoja. Filamu ninayoitetea ni Klaus, ya mwaka 2019, ya Mhispania Sergio Pablos. Ilichorwa kwa mkono, lakini mwanga na vivuli vimewekwa kwa namna ambayo watazamaji wengi hudhani ni vikaragosi vya kompyuta. Ilipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kama filamu bora ya katuni na ikateuliwa kuwania Oscar.

Inamhusu Jesper, kijana mvivu wa familia ya kitajiri ambaye baba yake amempeleka kuwa tarishi katika kisiwa cha baridi, na hatamrudisha mpaka apitishe barua 6,000 kwa mwaka mmoja. Shida ni kwamba kisiwani hakuna anayemwandikia mwenzake, kwa sababu koo mbili zimekuwa zikigombana kwa karne nyingi na hakuna anayekumbuka sababu. Shule imekufa, na mwalimu ameigeuza kuwa duka la samaki. Vijana wako watamtambua Jesper mara moja, kwa kuwa kwa nusu ya filamu anafanya mema kwa ajili ya faida yake tu, na anachekesha.

Lakini kwa ajili ya mama mkwe naitaja kwa sababu nyingine. Yumo mtoto mdogo wa kike aitwaye Márgu, wa Wasami, jamii ya wenyeji wa kaskazini mwa Ulaya, ambaye anazungumza lugha yake bila maandishi ya tafsiri kwenye skrini. Jesper haelewi anachosema, sisi hatuelewi, naye haachi kuzungumza. Anapoketi mbele ya meza ya tarishi akieleza anachokitaka, macho yake na vidole vyake vinasema yote. Mama yangu mzazi, ambaye kwa kawaida hukata tamaa mapema na lugha za kigeni, alicheka na kusema, "Leo na wao wamepata wa kutomwelewa." Kuna huzuni pia, ya mzee Klaus na marehemu mkewe, lakini imeonyeshwa kwa upepo na majani yanayozunguka hewani, kwa hiyo mtoto huona upepo na mtu mzima akaona kingine.

Kuhusu tafsiri, naomba niongeze neno moja, kwa sababu naona ndilo lililokuangusha mwaka jana. Mteue mtu mmoja awe mfasiri, asiwe kila mtu. Watatu wakitafsiri kwa pamoja, bibi anasikia soko. Nchini Norwei kila mkesha wa Krismasi televisheni ya taifa huonyesha filamu ya Cinderella iliyotengenezwa mwaka 1973 na Chekoslovakia pamoja na Ujerumani Mashariki, na sauti zote humo, za wanaume kwa wanawake, pamoja na ya Cinderella mwenyewe, husomwa kwa Kinorwei na mwanamume mmoja. Watu wameizoea sauti hiyo hata hawataki nyingine. Kwa hiyo sauti moja si upungufu, mradi ni sauti inayopendwa. Mpe kazi hiyo yule kijana wa miaka 17. Akiwa na kazi, simu ataiweka mwenyewe.

MamaWawili amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Baada ya kusoma majibu yenu nilipanga hivi: The Snowman mapema jioni, kisha Klaus wakiwa wote pamoja, na binti akilala, filamu ya Babu kwa watakaobaki. Home Alone nimeihamishia siku inayofuata mchana, na pasi nimekwisha kuificha. Ushauri wa mfasiri mmoja niliupeleka kwa kijana mwenyewe kwa tahadhari, nikitarajia akatae, naye akauliza tu kama anaruhusiwa kubadilisha sauti kwa kila mhusika.

Kisha, kwa heshima, nikaenda kumweleza mama mkwe mpango mzima, filamu moja baada ya nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akasema yeye angependa ile ya punda. Nilimweleza kwamba ni katuni ya watoto. Akasema amesikia. Kisha akataka kujua kama punda huyo anazungumza Kiswahili, nikamjibu kwamba mjukuu wake ndiye atakayezungumza kwa niaba yake. Tangu jana usiku tunasikia sauti za ajabu kutoka chumbani kwa kijana huyo, na binti yangu amekaa nje ya mlango akimwambia kupitia tundu la kitasa kwamba punda halii hivyo.